Bastola ya .22: pini inalika na risasi hazilipuki, nifanyeje?

MamaKibosho
Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za jioni. Niko Kibosho, juu ya Moshi mjini. Marehemu mume wangu aliniachia bastola yake ya .22 ya kulengea shabaha. Kibali kimeshahamishiwa kwa jina langu. Tulikuwa tunaenda kulenga pamoja Jumamosi, nami sijataka kuacha.

Aliinunua mpya, na nina hakika haijafikisha risasi elfu mbili. Sasa katika kila risasi kumi, mbili au tatu zinagongwa bila kulipuka. Nikiigeuza risasi ileile kidogo na kuirudisha, mara nyingi inalipuka. Nyingine haziingii kwenye chemba, lile tundu la mtutu ambamo risasi inakaa, mpaka nizisukume kwa kidole gumba, na maganda yanatoka na mchubuko mrefu upande mmoja. Nilimulika kwa tochi: kwenye mdomo wa chemba, juu kabisa, kuna kishimo kama alama ya ukucha kwenye sabuni. Ncha ya pini inayogonga risasi nayo imebonyea.

Kila jioni kabla ya kulala nafyatua kama mara ishirini bila risasi ili mkono usitetemeke. Mume wangu ndiye alinifundisha hivyo kwa bastola yake ya 9mm. Kuna fundi hapa mjini anataka kupiga tupa huo mdomo wa chemba. Nimemwambia asubiri kwanza.

FunditaaSakina
Marahaba mama, na pole sana kwa msiba. Umefanya vizuri mno kumzuia huyo fundi.

Shida ni hayo mazoezi ya jioni. Mzee hakukosea, ila alikufundisha kwa 9mm, ambayo baruti ya kuwashia iko katikati ya kitako cha ganda. Pini yake ikikosa risasi inapita hewani tu. Kwenye .22 baruti hiyo imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo pini inagonga pembeni. Kusipokuwa na risasi, chuma kinakutana na chuma: pini inagonga mdomo wa chemba. Mara ishirini kila jioni, hesabu mwenyewe kwa mwezi.

Kile kishimo kimesukuma chuma kidogo kuelekea ndani ya chemba. Ndicho kinachozuia risasi isiingie na kinachochubua maganda. Risasi isipokaa mpaka mwisho, nguvu ya pini inaishia kuisukuma mbele, na ncha iliyobonyea inazidisha. Ndiyo maana ukiigeuza inalipuka: inagongwa mahali papya na imeshakaa vizuri.

Tupa hapana kabisa! Ukingo wa ganda la .22 ni shaba nyembamba, unategemea chuma cha chemba kuushikilia. Fundi akipunguza chuma pale, ganda linaweza kupasuka ukingoni na moto ukakurudia usoni. Kinachotakiwa ni kichuma maalumu chenye umbo la chemba, kinaingizwa kurudisha chuma kilichosukumwa mahali pake, halafu pini mpya. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, ubebe na kibali, bastola ikiwa tupu.

Nikuulize: uliwahi kuifungua kuisafisha? Baadhi ya .22, mfano Ruger Mark IV, zina kijipini kinachopita kwenye bolti, kile chuma kinachobeba pini nyuma ya chemba, kuizuia pini isifike kwenye chemba. Kikisahaulika wakati wa kuunganisha, kila ukifyatua unakula chuma.

Mlenga_shabaha
Naongezea moja. Risasi ikigoma, usifungue papo hapo. Mdomo uendelee kuelekea kwenye shabaha, hesabu nusu dakika, ndipo utoe. Kuna zinazochelewa.

Na kwa mazoezi ya nyumbani, mimi natumia zile plagi ndogo za plastiki za kuchomeka ukutani kabla ya skrubu. Chagua inayoingia na kutoka kwenye chemba bila kulazimisha, na uibadilishe ikishaumia. Risasi zote zikae chumba kingine.

MamaKibosho
Jamani asanteni. Nimerudi sasa hivi kutoka kuangalia. Niliifungua mwenyewe mwezi wa tatu, mara ya kwanza tangu aondoke. Bolti ina tundu ubavuni na ndani hamna kitu. Nimetafuta kwenye kopo la vitambaa vyake vya kusafishia, nikakikuta chini kabisa kimeshikana na grisi, chembamba kama njiti ya kiberiti. Nimelia kidogo.

Nikirudishe? Au nikipeleke kando hivyohivyo?

FunditaaSakina
Usikirudishe mama. Kifunge kwenye karatasi upeleke na bastola, fundi apime kama nacho kimepinda. Na umwombe akuonyeshe kinavyoingia, kisha ukitoe na kukiweka wewe mwenyewe mbele yake mara mbili tatu.

MamaKibosho
Sawa baba. Jumatatu asubuhi nateremka nayo.