Msanidi programu: shirika lisilo la kiserikali au utafiti wa chuo kikuu?

MsanidiDar
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimekuwa msanidi programu katika kampuni ya huduma za fedha hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na sasa nataka kazi ambayo manufaa yake yanawafikia watu moja kwa moja. Nina nafasi mbili. Ya kwanza ni katika shirika lisilo la kiserikali linaloweka mifumo ya taarifa kwenye zahanati za vijijini, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ya pili ni ya msaidizi wa utafiti chuo kikuu, katika mradi wa kuifundisha kompyuta kutambua matamshi ya Kiswahili; mshahara wake ni mdogo, lakini unafungua njia ya shahada ya uzamivu. Nina familia inayonitegemea. Mliopitia kazi hizi mnashauri nini?

Mzee wa Seva
Ndugu, mimi niko upande wa mashirika, na ninaipenda kazi hii. Hata hivyo, fedha zake ni za mfadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mapema mwaka 2025, miradi mingi ya afya katika nchi zetu ilisimama ghafla, na wasanidi hodari walipoteza ajira bila kosa lolote. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, uliza fedha za mradi zinaisha lini na ni nani atakayeutunza mfumo baada ya hapo.

Ujue pia kazi yenyewe ilivyo. Muuguzi wa zahanati hujaza vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, kwa kalamu siku nzima, kisha mwisho wa mwezi hujumlisha kwa mkono ili takwimu zipelekwe wilayani. Ukimletea kishikwambi bila kumpunguzia vitabu, umemwongezea mzigo, hata kama programu yako imeandikwa kwa ustadi mkubwa. Muda wako mwingi utakwenda kwenye mambo kama hayo, na kwenye kuhakikisha kwamba data haipotei mtandao unapokatika.

Mtafiti wa Lugha
Chuoni kipimo ni makala zilizochapishwa. Msimbo safi, yaani maagizo ya programu yaliyoandikwa vizuri, hauhesabiwi sana, na si ajabu programu nzuri ikaachwa pindi mwanafunzi aliyeiandika anapohitimu. Lakini utafiti unakupa nafasi ya kukaa na swali gumu kwa muda mrefu, jambo ambalo mradi wenye ripoti ya kila robo mwaka hauruhusu. Matamshi ya mtu wa Pemba si ya mtu wa Lubumbashi, na mfumo uliofunzwa kwa sauti za watangazaji wa redio utamwelewa vibaya mvuvi. Hapo kuna kazi ya miaka. Muulize msimamizi wako kama waandishi wa programu hutajwa miongoni mwa waandishi wa makala, na ni nani atakayelipa ada.

Binti Eldoret
Naona mnazitenganisha njia hizi kupita kiasi. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianzishwa mwaka 2004 na taasisi ya utafiti ya Regenstrief pamoja na shirika la Partners In Health, na mwaka 2006 ukaanza kutumika hapa Eldoret. DHIS2, mfumo huria wa kukusanya takwimu za afya ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, unaendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na bado takwimu za zahanati zetu hupita humo kila mwezi. Mifumo hiyo imedumu kwa sababu msimbo wake uko wazi na kuna watu wengi, katika nchi nyingi, wanaoweza kuurekebisha.

Kwa hali yako, ningechukua nafasi ya shirika iwapo tu msimbo utakuwa huria na wizara imekubali kuupokea mfumo. Masharti hayo yasipokuwepo, ningekwenda chuoni, mradi mkataba wake uzidi mwaka mmoja. Je, mradi huo wa sauti una hospitali, shule au kituo cha redio kinachosubiri kuutumia?

MsanidiDar
Asante, dada. Kuna shule moja ya wanafunzi wasioona. Kuhusu msimbo wa shirika, sikuwahi kuuliza. Nitawaandikia kabla ya kujibu upande wowote.