Spesa ya inhela kwa mtoto wa miaka 3: dawa ifikeje mapafuni?

Mlezi_Makini:
Wakuu, naomba ushauri. Mtoto ana miaka 3 na ana pumu. Ameandikiwa inhela mbili: ya bluu ya kufungua kifua anapobanwa, na ya kahawia, mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni. Amepewa pia spesa ya plastiki yenye barakoa, yaani kile chumba kinachokaa kati ya inhela na uso wa mtoto. Dawa hakosi, lakini kikohozi cha usiku hakiishi. Maswali yangu: mipulizo miwili inaweza kubonyezwa kwa mkupuo mmoja? Akilia, niendelee au nisubiri? Na spesa inaoshwaje, maana kuta zake zina ukungu mweupe ndani?

Pumzi_Safi:
Mkuu, nianze na la mkupuo: hapana. Mpulizo mmoja, avute, ndipo ufuate wa pili. Ukibonyeza miwili pamoja matone yanagongana, yanakuwa mazito na kuishia kwenye kuta za spesa. Utahesabu miwili, mtoto apate pungufu ya hapo.

Inhela ikibonyezwa, dawa inatoka kwa kasi kubwa ikisukumwa na gesi. Bila spesa, sehemu kubwa inagonga koo na kumezwa. Ndani ya spesa ule mwendo unapungua, gesi inayeyukia hewani, matone makubwa yananasa kwenye plastiki, na yale madogo yanayoweza kufika mapafuni yanabaki yakielea. Yanaelea kwa sekunde chache tu, kwa hiyo barakoa iwe imeshakaa usoni kabla hujabonyeza.

Utaratibu uwe huu. Mtoto akae wima. Toa kifuniko cha inhela, chungulia ndani ya spesa kama kuna kitu kimeingia, kisha tikisa inhela vizuri na uichomeke nyuma ya spesa, kichupa kikiwa juu. Weka barakoa ifunike pua na mdomo. Bonyeza mara moja, acha apumue kawaida mara 5 au 6 huku ukitazama vali, yaani kile kijimlango chepesi cha spesa: ikifunguka na kujifunga, anavuta. Ondoa, subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, rudia. Huko kutikisa kwa mara ya pili ndiko wengi wanakokuruka, na kwa inhela nyingi dawa hujitenga na gesi zikitulia.

Dada_Kifua:
Naongezea kwenye barakoa, kwa sababu kwa mtoto wa umri huo kosa kubwa mara nyingi liko hapo. Mwanya mdogo kando ya pua unatosha kuharibu dozi: mtoto anavuta hewa ya nje kupitia mwanya na dawa inabaki kwenye spesa. Vali isipocheza wakati kifua kinapanda na kushuka, jua barakoa inavuja. Ibane kwa upole, ianzie juu ya pua na iishie kwenye kidevu bila kugusa macho. Barakoa ya mtoto mchanga haimtoshi wa miaka 3, na ya mkubwa itavuja mashavuni.

Kuhusu kulia: subiri. Mtoto anayelia anatoa pumzi ndefu halafu anavuta kwa ghafla, na dawa inabaki kooni. Kule kufungua kinywa sana si kuvuta vizuri hata kidogo. Mzoeshe barakoa akiwa ametulia, bila dawa: aishike, aiweke usoni mwake, amvalishe mwanasesere. Mpakate mgongo wake ukiegemea kifua chako, na mhesabu pumzi pamoja kwa sauti. Lakini akiwa amebanwa kweli, dawa ya bluu haingoji utulivu. Mpe hata kama analia, barakoa ikiwa imebana.

Akifika kama miaka 4 na akaweza kubana kinywa cha spesa kwa midomo, achana na barakoa. Pua huchuja dawa nyingi. Hapo mwangalie asije akawa anapumulia puani huku spesa iko mdomoni, vali itakuonyesha.

Mtaalamu_wa_Vifaa:
Usafi sasa. Ukungu mweupe ni dawa iliyokauka, hauna madhara. Tatizo linaanza mtu anapousugua kwa kitambaa. Plastiki ikisuguliwa inapata umeme tuli, na umeme huo unavuta chembe za dawa kwenye kuta kabla mtoto hajavuta. Spesa inang'aa lakini dawa haifiki. Kama spesa inafutwa baada ya kila matumizi, hiyo peke yake inaweza kueleza kikohozi kisichoisha.

Tenganisha vipande, ukiacha inhela kando. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, kama dakika 15, uvitikisetikise ndani ya maji. Usiingize brashi. Vitoe, ung'ute, viache vijikaushe vyenyewe hewani. Chumba cha spesa usikisuuze: utando mwembamba wa sabuni unaobaki ndio unaozuia umeme tuli. Barakoa au kinywa cha spesa, kwa kuwa kinagusa ngozi na midomo, kisuuze. Spesa za chuma na zile za plastiki maalumu isiyoshika umeme tuli zina maelekezo yake, yafuate. Ya plastiki ya kawaida ioshwe kabla ya kutumika mara ya kwanza, kisha mara moja kwa mwezi au kama karatasi yake inavyosema. Ikihitajika kwa dharura kabla ya kuoshwa, puliza kwanza mipulizo 10 ya dawa ndani yake ili kuta zipate utando.

Vali ikipinda, ikichanika au ikakakamaa, badilisha spesa. Nyingi hudumu miezi 6 hadi 12.

Mlezi_Makini:
Asanteni sana, nimeelewa. Kitambaa nakiacha kuanzia leo. Na spesa ikipotea ghafla, chupa ya plastiki inafaa? Na kwa mtu mzima, spesa ina maana yoyote?

Pumzi_Safi:
Chupa inafaa. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha spesa ya dukani na chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliobanwa na pumu, na chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa. Kikombe cha povu ndicho kilichofanya vibaya kuliko vyote. Siri iko kwenye tundu: litobolewe kitakoni mwa chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, kwa waya uliochomwa moto, inhela iingie kwa kubana, kisha pembeni pazibwe kwa gundi. Ioshe kwa sabuni kama spesa nyingine, uondoe vipande vya plastiki vilivyobaki. Mtoto anapumulia mdomo wa chupa.

Mtu mzima pia inamfaa, hasa anayetumia dawa ya steroidi (ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa), kama ya kahawia. Spesa inapunguza dawa inayobaki kooni, ambayo huleta fangasi mdomoni na sauti kukauka. Yeye anaweza kutoa pumzi nje, kubonyeza, kuvuta polepole na kwa kina, kisha kubana pumzi sekunde 10. Spesa ikipiga filimbi, anavuta kwa haraka mno. Ila inhela ya unga haitumii spesa kabisa. Hiyo inataka mvuto wa nguvu moja kwa moja.

Dada_Kifua:
Baada ya dawa ya kahawia, mtoto asukutue mdomo au anywe maji, na umfute uso palipogusa barakoa. Dawa hiyo si ya kutuliza papo hapo. Inahitaji wiki kadhaa, usiikatishe kwa kuona haijabadilisha kitu.

Akibanwa ghafla, utaratibu wa huduma ya kwanza unaofundishwa Australia ni mwepesi kukumbuka: mipulizo 4 ya bluu, mmoja mmoja, pumzi 4 kwa kila mpulizo, kisha ngoja dakika 4. Bila nafuu, rudia huku mkielekea hospitali. Mbavu zikiingia ndani anapovuta, akashindwa kuongea au kunywa, midomo ikawa ya bluu au akawa mlegevu, ondokeni mara moja na mwendelee kumpa mkiwa njiani.

Kliniki ijayo nenda na inhela zote mbili na spesa, umpe dawa mbele ya mhudumu.