Nimemtia mzee wa watu hofu: "inextricable", "intractable" na "insoluble" yanatofautianaje?

Mpiga Chapa, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Kazi yangu ni kupiga chapa barua na kujazia watu fomu, kibanda changu kiko karibu na stendi ya mabasi. Jumanne alikuja mzee kutoka pande za Ahero na barua ya wakili wake, akataka nimsomee kwa Kiswahili. Ana kesi mbili mahakama ya ardhi: moja ya mpaka na jirani, nyingine ya kipande ambacho mpwa wake alimuuzia jirani huyo huyo kimyakimya.

Aya moja ilikuwa na maneno matatu yanayofanana kama watoto wa tumbo moja. Kesi hizo mbili ni "inextricable". Msimamo wa jirani ni "intractable". Ila mgogoro wenyewe si "insoluble".

Naona haya kusema nilichofanya. Yote matatu niliyatia kapu moja: "haiwezi kutatuliwa". Lile "si" la mwisho nikalimeza. Mzee akavua kofia, akaikunja mara mbili, akaniuliza kama nauli ya kurudi Ahero bado ni ile ya asubuhi. Akaenda. Nisaidieni kabla hajamwambia wakili aiondoe kesi.

Mwalimu wa zamu, Kakamega
Pole dada, hayo maneno yamewaangusha wengi. Yote ni ya Kilatini, lakini kila moja lina nyumba yake.

"Inextricable" linatokana na *tricae*, yaani vijambo vidogo vya kusumbua. Kutoka hapo Waingereza wana "extricate", kunasua. Kwa hiyo wakili hakusema kesi hazina jibu. Amesema zimeshikana, huwezi kuinasua moja ukaiacha nyingine. Pengine anataka zisikizwe pamoja.

"Intractable" ni *tractare*, kushika, kuburuta. Fikiria punda aliyekataa kamba. Huyo ndiye jirani.

"Insoluble" ni *solvere*, kulegeza au kufungua. Mwalimu wa kemia hulitumia kwa mchanga usioyeyuka majini. Ndugu yake ni "insolvent", mtu aliyeshindwa kujifungua kwenye madeni.

Sindano ya Dunga
Kilatini sikijui, nashona nyavu. Lakini hilo la kwanza nimelishika kwa mikono yangu. Watu wawili wanatega karibu karibu, usiku upepo unavuma, gugumaji linasukuma, asubuhi nyavu zimekuwa moja. Wako mzima, wake mzima, ila huvuti wako bila kuvuta wake. Hapo hakuna kugombana majini. Mnavuta zote hadi ufuoni, mnazitandaza, mnaanzia kwenye maboya mkirudi nyuma, jicho kwa jicho. Asubuhi nzima inaisha.

La pili ni zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki zilizopigwa marufuku. Uzi wake hausikii kidole. Ukiubana unateleza, ukiuachia unarudi kujikunja pale pale.

Mwalimu wa zamu, Kakamega
Hiyo nitaiiba niwape watoto darasani. Waingereza pia husema "Gordian knot", fundo la mji wa Gordion, Uturuki ya leo. Lilikuwa limefunga gari la kale, na inasimuliwa kwamba Aleksanda Mkuu, mwaka 333 K.K., alichomoa upanga akalikata.

Sindano ya Dunga
Na kamba nani alilipa?

Lakini angalia, hata Kiswahili chetu kina ujanja huo. Tatizo, utata, kutatanisha, kutatua, yote ni ukoo wa uzi uliojisokota. Na "kutatua" huyo huyo ni kurarua nguo! Shati likitatuka hakuna anayepiga makofi.

Kijana wa Section 58, Nakuru
Naandika programu, na kwetu "intractable" ina maana yake maalumu: jibu lipo, ila kulifikia kunakula muda usiovumilika. Bekari ikimpa bodaboda maduka 14 ya kupeleka mkate, namna za kuyapanga ni zaidi ya bilioni 87. Ongeza duka moja, zidisha mara 15. Kuzijaribu moja moja mkate utaota ukungu.

Isiyo na jibu kabisa ni nyingine. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba haiwezekani kuwa na programu moja ya kukuambia, kwa kila programu utakayoipa, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Jirani wa mzee hajafika huko. Huyo ni bilioni 87 tu.

Mpiga Chapa, Kisumu
Asanteni sana. Nimempigia simu leo asubuhi, nikamwomba radhi, nikamweleza kwa mfano wa nyavu za Dunga. Amecheka, maana ujanani aliwahi kuvua. Nikamwambia kesi zimeshikana, jirani ni mgumu, lakini kufunguka zitafunguka.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama zikivutwa pamoja wakili atamtoza mara moja au mara mbili. Hilo sikuwa na neno lake, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Nimemwambia aende akamuulize mwenyewe, na risiti ya kwanza asiisahau nyumbani.