Jioni za Chennai ukiwa umepeleka mgonjwa: mtu ale wapi, aende wapi?

BintiMoro aliuliza:

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa kumi na mbili nampeleka mama Chennai, India, kwa matibabu ya moyo. Chumba tumeshapata mtaa wa Greams Road, karibu kabisa na hospitali. Mdogo wangu wa kiume anakuja pia, kwa hiyo tutapokezana kukaa na mama. Mambo ya hospitali nimeshaelekezwa. Ninachouliza ni jioni. Waliotutangulia wanasema mtu anashinda kati ya wodi na chumba mpaka mwisho anaumwa na yeye. Tunakula halali, mimi pilipili naivumilia kidogo tu, na mdogo wangu ni mtu wa muziki na sinema. Mtu atoke saa ngapi, aende wapi, ale nini? Na mwanamke akiwa peke yake je?

MtangaWaMylapore alijibu:

Pole kwa kuuguza, dada. Mungu amjalie mama wepesi. Mimi nimesoma Chennai, nimepanga mtaa wa Mylapore, na naupenda ule mji, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Kwanza ujue kwamba Chennai si mji wa usiku wa manane. Jioni yao huanza saa kumi na moja jua likishapoa, na ikigonga saa nne usiku majiko mengi yanazimwa. Wanaotoka ni familia nzima, bibi na wajukuu, watoto wamelala mabegani. Kwa mwanamke aliye peke yake hiyo ni nafuu kubwa. Toka saa kumi na moja, kula mapema, saa tatu uwe umerudi umpokee mdogo wako zamu. Metro ina kituo cha Thousand Lights, si mbali na mlipo, na kila treni ina sehemu ya wanawake. Bajaji, ambazo kule ni "auto", ziite kwa programu ya simu, bei uione kabla hujapanda. Ukisimamisha ya barabarani kama mgeni utatajiwa bei ya kukushangaza. Watu watakutazama sana, wengine wataomba picha. Ukikataa kwa upole wanaelewa.

Chakula sasa. Mchana hoteli zao zinauza "meals", yaani wali na mboga nyingi juu ya jani la mgomba. Jioni ndipo zinapogeukia vitu vyepesi: idli, yaani vitumbua vya mvuke vya mchele na dengu, dosa, ambayo ni kama chapati nyembamba ya unga huohuo, na vada, kama bajia. Hoteli hizo nyingi hazipiki nyama kabisa, kwa hiyo suala la halali linakuwa jepesi. Anzia Ratna Cafe, Triplicane, ipo tangu 1948. Ukiagiza idli, mhudumu anakuja na chombo cha sambar, mchuzi wa dengu na ukwaju, anaumwaga sahanini mpaka idli zinazama. Wenzako mezani wanakula kwa kijiko bila kusema neno. Ukipunguza mchuzi, anakuja tena kuongeza bila kuombwa.

Halafu kahawa, na hapa nisikilize vizuri. Wanaichuja polepole kwenye chujio la chuma, wanachanganya na maziwa ya moto, inakuja kwenye kikombe cha chuma kisicho na mkono kilichokaa ndani ya kibakuli. Katikati kinaunguza vidole, kishike kwenye ukingo. Mimina kahawa kwenye kibakuli, irudishe kikombeni, rudia mpaka povu lipande na moto upungue. Ukishamaliza kikombe cha saa kumi na mbili jioni, kati ya ofisi zinazofungwa na kelele za honi, utaona kichwa kimepumua.

Lakini zawadi kubwa ni mwezi mnaokwenda. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwanzo wa Januari Chennai ina msimu wa muziki wa Karnatak, yaani muziki wa jadi wa India ya kusini, kumbi kwa makumi zinapiga muziki kila siku. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka mji huo kwenye orodha ya miji ya muziki, na ni kwa ajili ya mambo kama haya. Ukumbi mkubwa ni Music Academy, taasisi ya tangu 1928, si mbali sana na Greams Road. Matamasha mengi ya mchana katika kumbi za mji hayana kiingilio, ya jioni ndiyo ya tiketi. Jukwaani utaona mwimbaji amekaa chini, mpiga fidla, na mpigaji wa ngoma ya mridangam. Mdogo wako asiangalie jukwaa tu, aangalie viganja vya wasikilizaji: wazee kwa vijana wanahesabu mapigo kwa kupiga paja, kisha kidole kimoja kimoja, ukumbi mzima kwa pamoja. Ikifika zamu ya ngoma kupiga peke yake, baadhi ya watu huinuka kwenda kula. Mimi nasema abaki, ndipo utamu ulipo.

Na kula kwenyewe ni sehemu ya msimu. Kumbi hizo hufungua jiko la muda nje, na tiketi ya tamasha huhitaji. Unakaa meza ndefu pamoja na watu usiowajua, jani la mgomba mbele yako, wahudumu wanapita na ndoo. Kula kwa mkono wa kulia, ukimaliza kunja jani kuelekea kwako. Nilikuwa naenda hata siku ambazo muziki siufuatilii.

Mwavuli usisahau. Mvua zao kubwa ni Oktoba mpaka Desemba.

MpembaMuscat alijibu:

Assalaam alaykum. Mimi nilimsindikiza marehemu baba kutoka Oman, siku zile watu wa huku tulikuwa wengi pale hospitali. Kwa nyama nendeni Triplicane, upande wa Msikiti wa Wallajah uliojengwa 1795. Ukisali magharibi unatoka moja kwa moja kwenye biriani. Si ya basmati kama yetu. Mchele wao, seeraga samba, ni mdogo sana na una harufu yake. Inaletwa na mchuzi wa biringanya wenye ukwaju, na kitunguu kwenye mtindi. Barabara ya Anna Salai kuna Buhari, hoteli ya 1951, ndiyo inayosema kuku wa "65" alianzia kwao mwaka 1965. Ni vipande vya kukaanga, vyekundu, na vikali. Dada, wewe anza na kimoja.

JirongoWaEastleigh alijibu:

Kwa huyo kijana: Sathyam, Royapettah, ni sinema ya tangu 1974. Aende filamu ya Kitamil inayotoka wiki hiyo, siku ya kwanza kabisa. Mashabiki wanapiga miluzi jina la nyota likitokea, wanacheza kwenye viti, hata asipoelewa lugha atafurahi. Anunue tiketi mapema kwa simu. Kama anatumia bia, ajue maduka ya pombe ni ya serikali ya jimbo, umri ni miaka 21, na baa za maana ziko ndani ya hoteli za kulala. Bei zake zinauma.

Akitaka kitu cha mtaani, karibu na kituo cha treni cha Beach, upande wa Burma Bazaar, wanauza atho. Ni tambi za Kiburma zilizoletwa na Watamil waliorudi kutoka Burma miaka ya 1960. Wanazichanganya kwa mkono na kitunguu cha kukaanga, ukwaju na pilipili, pembeni supu ya shina la mgomba. Unakula umesimama.

BintiMoro:

Jamani asanteni, mmenifungua macho. Mawili tu. Ufukwe wa Marina mbona hamjautaja? Na mama akiruhusiwa kutoka, naweza kumpeleka wapi na kumlisha nini?

MtangaWaMylapore:

Nenda Marina, lakini kuogelea hapana, hata kama umezaliwa baharini. Mkondo wa chini unavuta watu, wamekufa wengi na polisi wanakataza. Jioni ni ya kukaa mchangani na kula sundal, njegere kavu za kuchemsha zilizochanganywa na nazi na embe bichi, zimefungwa kwenye karatasi. Mama anaweza kwenda: tangu 2022 kuna njia ya mbao inayopita juu ya mchanga kuelekea majini, kwa ajili ya viti vya magurudumu. Akiruhusiwa na daktari, mpeleke kabla ya saa kumi na mbili, Jumapili epuka maana watu ni wengi mno.

Chakula chake kiwe idli za moto, au wali wa mtindi, upo kila hoteli na hauna ukali. Mwambie mhudumu "kaaram vendaam", atajua hutaki pilipili. Chumvi lakini muulize mtaalamu wa lishe wa hospitali kwanza, maana sambar na chatne zao zina chumvi ya kutosha, na kwa mgonjwa wa moyo hilo si la kukisia.