Siku hizi Chunya udongo unapimwa kwa kisigino?

Wakuu, nina hasira hata chai haishuki. Yule "injinia" mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kiwanjani, mbele ya mafundi wote, kapiga kisigino chini mara tatu, akatangaza: "Huu mwamba, msingi wa mawe unatosha." Mwamba! Na hapo jirani kuna duara la zamani, shimo la wachimba dhahabu, lililofunikwa kwa magogo na kifusi!

Kisigino, jamani! Penye maduara unawauliza wazee waliochimba, unachimba mashimo ya kupimia. Ukilipata duara unalijaza, kisha unalifunika kwa zege la nondo lililokaa kwenye mwamba, upana wake angalau mara mbili ya kipenyo cha shimo. Magogo yakioza, kifusi kinashuka ghafla, nyumba nayo inafuata.

Kama ardhi inatitia polepole, weka jamvi, yaani bamba moja la zege chini ya nyumba nzima: mchanga ulioshindiliwa sm 15, nailoni juu yake, zege la nondo sm 15. Chini liwe laini, lisiwe na meno, ardhi ikivutika iteleze. Msingi wa mtaro unang'ang'aniwa na udongo, ukuta unapasuka kama ngazi kuanzia kona za madirisha. Nimemweleza yote hayo. Kapiga kisigino tena!

Mzee wa Kenchi: Hicho kisigino kipelekwe mgodini, kitatafuta hadi dhahabu.

Nondo12: Mleta uzi umelia sana, ramani hujaweka. Kama nyumba ni ndefu au ina umbo la L, hata jamvi litakatika. Igawe mistatili mifupi, acha uwazi wa sm 5 kuanzia msingi hadi bati. Na umchunge fundi plasta, huo uwazi atauziba tu.

Mwana Rungwe: Nottinghamshire, Uingereza, kuanzia 1957 walijenga shule juu ya migodi ya makaa kwa fremu nyepesi za chuma zenye viungo vinavyocheza, chini jamvi jembamba. Sisi kisigino!

Dada Tofali: Afadhali wako anakanyaga. Wangu wa mabomba kayazika ndani ya zege! Bomba linapita kwenye tundu pana, nje unaweka kiungo kinachopinda, la sivyo jamvi likishuka linakatika, maji yanakula udongo chini ya nyumba.

Nondo12: Wa Makongolosi huyo? Ana advansi yangu.

Dada Tofali: Huyo huyo! Simu hapokei.

Mzee wa Kenchi: Na yangu. Njooni PM.