Nina milioni 45, nataka trekta la pili: nichukue lipi?

Mama Plau (Kibaigwa)

Wakuu, habari za jioni.

Nakaa Kibaigwa, ila wateja wangu wengi wako upande wa Kiteto. Nina trekta moja, MF (Massey Ferguson) 165, alilolinunua marehemu mume wangu kutoka shamba la mkonge Kilosa. Hizo 165 ziliacha kutengenezwa 1975, mimi nimezaliwa 1979, kwa hiyo nalipigia shikamoo kila asubuhi na lenyewe linaitika. Sina ugomvi nalo. Lakini linavuta plau la disk mbili tu, na ardhi ya huku ikishakaa kiangazi miezi saba, ukimaliza ekari tano kwa siku umeshukuru.

Shida iko hapo. Mvua ya kwanza ikipiga, wote wanakuja asubuhi moja: "Mama, langu lini?" Msimu uliopita niliandika watu 41 kwenye daftari, nikawalimia 26. Waliobaki walimfuata jamaa mmoja kutoka Gairo, na mteja wa trekta akishahama hurudi kwa kulazimishwa na shida, si kwa mapenzi.

Nimeuza mahindi, nimeuza na ng'ombe watano, nina milioni 45 mkononi. Mkopo sitaki. Niliwahi kukopa nikiwa na duka, miezi kumi na nane nikawa naota tarehe.

Agosti nikaenda Nane Nane pale Nzuguni nikajionee. Kila banda trekta linang'aa, limefungwa riboni, na kijana wa mauzo anakupandisha kwenye kiti kama bibi harusi. Nimerudi na makaratasi kilo nzima na kichwa kinauma. Nilivyochuja yakabaki haya.

MF 375 mpya, hizi zinazotoka Pakistani, hospawa 75. Huku kila fundi anaijua hata gizani. Lakini bei niliyotajiwa imeruka mfuko wangu.

Swaraj 855 mpya, ya Mhindi, silinda tatu, hospawa hamsini na kidogo. Hela inatosha na plau juu. Ila kwa nguvu naona nitakuwa nimenunua mdogo wake 165.

Mtumba wa Uingereza, MF 385 au Ford 6610, hospawa themanini na ushee, zipo Dar. Hela inatosha. Naogopa kuuziwa mgonjwa aliyepakwa rangi.

Halafu kuna mpwa wangu, ndiye dereva. Yeye hataki kusikia kitu kisicho 4x4. Nikimuuliza ya nini anasema "Ma'mdogo, dunia imebadilika." Ardhi ya Kiteto haijabadilika.

Na kuna jirani yangu alinunua jipya kabisa. Chapa siitaji, wapo linaowalisha. Desemba likakaa siku 23 chini ya mbuyu linasubiri sili moja (kampira ka kuzuia oili) "iliyoko njiani." Njia gani hiyo hakuna aliyeambiwa. Kuku walianza kutaga kwenye kiti. Mvua iliponyesha vizuri yeye alikuwa anakodi trekta langu.

Msimu ukiisha litapukuchua mahindi na kuvuta tela kwenda soko la nafaka hapa Kibaigwa. Naomba mawazo ya wenye nayo, siyo ya wenye picha zake. Natanguliza shukrani.

Kinda la Njiwa (Dar)

Mama, kwa milioni 45 si ununue boda 15 ukae barazani unasubiri hesabu ya jioni?

Mama Plau

Boda 15 ni vijana 15 wa kunidanganya. Nimeshamzoea mmoja.

Mpunga Tupu (Mbarali)

Dada, mwambie mpwa wako aje huku Mbarali ndipo hiyo 4x4 yake itakuwa na maana. Sisi jarubani bila magurudumu yote manne kuvuta unalala humo humo na mbu wako. Ninayo Kubota, nyepesi, inaelea kwenye tope kama bata, nami sibadilishi. Lakini ningeipeleka Kiteto ikavute disk tatu kwenye ardhi kavu, ningekuwa naionea.

Kwenu ninyi tatizo siyo tope, ni tairi kuteleza juu ya ardhi ngumu. Dawa yake ni uzito. Jaza maji matairi ya nyuma kiasi cha robo tatu. Tairi la 18.4-30, lile la 375, linabeba zaidi ya kilo 300 za maji kila upande, na maji ya kisima hayana risiti. Mbele funga vyuma ili pua ya trekta isinyanyuke. Ekseli ya mbele ya 4x4 ina gia zake na sili zake ndani, na kila kinachozunguka kuna siku kitadai. Tofauti ya bei nunulia plau la maana.

Fundi Grisi (Morogoro)

Mama, shikamoo. Nafungua matrekta mwaka wa 19 huu. Mambo ya chapa nitayagusa mwishoni, kwanza hilo la mgonjwa aliyepakwa rangi, maana ndilo linaloliza watu.

Ukienda kuangalia mtumba, fika kabla ya saa mliyopatana. Akisema njoo saa nne, wewe saa mbili uko getini. Weka kiganja kwenye bloku kabla hawajawasha. Likiwa la moto, wameliamsha mapema ili usione linavyokohoa likiwa baridi. Hapo aga, au agiza chai ukae hadi lipoe.

Likishapoa fungua mfuniko wa rejeta ndipo liwashwe, uchungulie. Mapovu yakipanda mfululizo, moto wa silinda unaingia kwenye maji: gasketi imeungua au hedi imepasuka. Chomoa kijiti cha oili ya injini, halafu na kile cha nyuma. Cha nyuma watu wengi hawakigusi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kwenye Massey hizi oili hiyo hiyo ya gia boksi na difu ndiyo inayonyanyua plau. Ugonjwa mmoja, nyumba mbili. Moshi mweusi kidogo likiwa na mzigo usikutishe. Wa bluu usiokatika, hiyo ni oili inaungua, andaa hela ya ringi za pistoni.

Saa zilizoandikwa kwenye dashibodi zisome kama unavyosoma ahadi za kampeni. Geji inabadilishwa chai haijapoa. Tazama vitu ambavyo muuzaji hakumbuki kuvipaka rangi: pedali ya klachi imelika upande gani, mipira ya chuma kwenye ncha za mikono ya kunyanyulia plau inacheza kiasi gani, tundu la pini ya tela bado ni duara au limeshakuwa yai. Trekta la saa 3,000 halina tundu la yai.

Kwa kuwa utapukuchua, klachi ijaribu wewe mwenyewe. 375 na 385 nyingi zina klachi mbili kwenye pedali moja. Washa pitioo (ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine), kanyaga nusu: trekta linasimama, pitioo inaendelea kuzunguka. Kanyaga mpaka chini: pitioo nayo inasimama. Isipofanya hivyo, uombe iwe ni kurekebisha tu. Vinginevyo kuifikia klachi ni lazima trekta ligawanywe katikati, na hiyo siyo kazi ya chini ya mwembe.

La mwisho: nyanyua plau juu, zima injini, subiri. Likishuka polepole siyo kesi. Likidondoka kabla hujamaliza Baba Yetu, sili za silinda ya kunyanyulia zimechoka.

Sasa chapa. Perkins ya silinda nne, injini ya hizo Massey, naifungua na umeme umekatika. Ford zile za bluu nazo ni injini za watu, nimezipenda tangu naanza kazi. Lakini mimi niko Morogoro, mama, na Desemba utakayemwamsha saa tisa usiku siyo mimi. Kamuulize fundi wako wa Kibaigwa ana funguo za nini, na duka la karibu naye lina spea za nini kwenye shelfu, siyo kwenye simu. Duka likikwambia "naagiza Kariakoo inafika kesho," hesabu siku tatu.

Mkongwa

Mwanangu, nimesoma yote kwa miwani ya mjukuu.

Marehemu baba yangu aliajiriwa hapa Kongwa 1947, Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga. Walizoa matrekta ya jeshi yaliyobaki na vita kule Ufilipino. Wakachukua hata vifaru, Sherman, wakavigeuza matrekta. Hospawa ulizitaka, zilikuwepo. Kiangazi kikaja, udongo ukawa saruji, vyuma vikalika, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 wakafunga hesabu. Baba alibaki na koti na neno moja la Kiingereza ambalo silisemi mbele ya watu.

Udongo ni ule ule. Unasaga disk kama msasa. Hayo mapesa usiyamalizie kwenye trekta, tenga ya disk kila msimu. Na usiingie shambani kabla mvua haijalainisha hata mteja akupigie magoti. Dereva mwenye haraka kwenye ardhi kavu anakulia dizeli, disk na jina.

Halafu, hapa jirani kuna mzee mwenzangu, mstaafu, analo MF 375. Amelinunua jipya na amelima nalo mwenyewe. Miguu sasa haipandi. Wanawe wako Dar, hawataki vumbi. Halijatangazwa popote. Ukija, ulizia kwangu.

Mama Plau

Shikamoo babu. Nitakuja, ila nimeshatuma nauli ya Dar, niende kwanza nikaone huko. Nisije nikalala nikiwaza.

Mama Plau (wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi.

Dar niliambiwa saa tatu, nikafika saa moja na nusu. Chapa naihifadhi, kosa siyo la kiwanda. Nikaweka kiganja kwenye bloku: la moto kama birika. Kijana akasema, "Ni jua hilo, mama." Jua la saa moja na nusu, ndani ya bohari lenye paa. Nikamwambia naomba nikanywe chai kidogo nitarudi, nikaenda Mbezi nikapanda basi.

Kongwa sasa. Trekta liko kwenye banda la bati, lina vumbi, halijaoshwa kwa ajili ya mgeni. Hilo tu lilinipa moyo. Bloku baridi kama mtungi. Nilikwenda na fundi wangu wa Kibaigwa, yeye akachungulia rejeta, mimi nikachungulia uso wake. Mapovu hakuna. Oili ya nyuma safi. Tundu la pini limelika kidogo, bado duara. Plau liliponyanyuliwa nikasema Baba Yetu, nikaongeza Salamu Maria, halijafika chini. Klachi ndiyo ilileta maneno: trekta linasimama vizuri, pitioo haisimami hata ukikanyaga mwisho. Fundi akaingia chini na spana, akarekebisha, robo saa hivi, ikasimama. Tairi la nyuma kushoto lina nyufa, hilo halifiki misimu miwili.

Lakini kilichonimaliza ni daftari. Mzee alilitoa kwenye mfuko wa nailoni. Tangu siku aliyolinunua ameandika kila kitu kwa penseli: oili lita 8, filta, tarehe, saa. Pembeni anaweka na maoni. Mahali pamoja: "Oili. Dereva amechelewa tena." Mahali pengine: "Disk ya kati imegonga jiwe shamba la shemeji. Shemeji amekataa kulipa." Mimi daftari langu lina majina ya wateja tu. La trekta mwenyewe sijawahi kuandika hata siku moja, na lile 165 limenivumilia hivyo hivyo.

Alitaka 38. Tumebishana kuanzia chai mpaka ugali, tukafika 34 na nusu. Ila akaweka sharti: ekari zake sita nizilime za kwanza kila msimu, bure, maadamu yu hai. Mpwa wangu akaniinamia sikioni: "Ma'mdogo, mzee mwenyewe umemwona alivyo na afya?" Nimemwona. Nimekubali.

Imebaki milioni 10 na nusu. Itaingia plau la disk tatu na hilo tairi, na disk za akiba kama babu alivyosema. Swaraj sijaikataa kwa ubaya, yule jamaa wa Gairo analimia hiyo hiyo na ndiye aliyenichukulia wateja. Kwangu ilikuwa ni nguvu tu.

4x4 hakuna. Mpwa alinuna mpaka Mbande, tukanunua nyama, akaacha. Jana nimemkuta anajaza maji kwenye tairi kwa ndoo, hajaambiwa na mtu, anamuuliza fundi robo tatu inajulikanaje.

Fundi Grisi, na mimi nakuuliza hilo hilo: robo tatu inajulikanaje?

Fundi Grisi

Zungusha gurudumu mpaka pua ya tairi (pale pa kujazia upepo) iwe juu, saa sita kamili. Jaza hadi maji yaanze kutoka kwenye pua. Hapo ndipo.