Kikundi cha Familia ya Bibi Korogwe

Mama Sauda: Asalaam aleikum wote. Mama shikamoo. Sauda hayumo humu, ndiyo maana nasema. Juzi kwenye shughuli alijifungia chumbani mpaka tunaondoka. Leo ndiyo kaniambia kwa nini.

Shangazi Tanga: Nilidhani kichwa kinamuuma!

Mama Sauda: Hapana wifi. Aliulizwa mbele ya watu, "Wewe hata ungo hujavunja?" Halafu lile gauni la zawadi, kibandiko kinasema miaka 8. Yeye ana 14. Akalijaribu, likamkaa sawasawa. Hapo ndipo alipolia.

Shangazi Tanga: Gauni nilinunua mimi. Niliangalia kimo tu. Nisamehe wifi 😢

Baba Mdogo: Shemeji, si mlisema ni homoni tu?

Mama Sauda: Ni hali inaitwa Turner, shemeji. Ndiyo maana kimo ni kifupi na ungo bado. Mtoto wa kike anazaliwa na kromosomu X (kibeba urithi ndani ya seli) moja badala ya mbili, au ya pili ina kasoro. Mmoja kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 hivi. Hakurogwa, wala si kitu nilichokula nikiwa na mimba. Hayo maneno nimeyasikia miaka yote, na yeye anayasikia.

Da Mwana (nesi): Niongeze. Wengi wao akili ni nzuri tu, ila hesabu na kutambua hisia za mtu usoni huwasumbua, na masikio hupungua nguvu. Mkimwita asiitike msiseme ananuna. Wasiwasi na kujiona duni ni vitu vinavyowapata sana. Kliniki wanampima moyo, figo, masikio. Nani anamuuliza kama analala?

Mama Sauda: Halali, Da Mwana. Mwezi uliopita kaniuliza saa sita usiku kama atazaa. Nikamwambia kweli, kwamba wengi wenye hali hii hawapati mimba wenyewe. Tukalia wote. Asubuhi akasema, "Afadhali umeniambia wewe."

Da Mwana (nesi): Umefanya vizuri sana. Muombe daktari akupe rufaa kwa mwanasaikolojia, usingoje azidiwe. Na sisi tuongee naye kama msichana wa miaka 14. Kumbeba na kumwita "kadoli" tuache.

Juma: Naandika kwa niaba ya Bibi: "Swali la ungo niliuliza mimi. Sikujua. Mwambie mjukuu wangu Ijumaa aje, nimshonee gauni la kisichana."

Mama Sauda: Nimemwambia, mama. Anauliza kama kitambaa atachagua mwenyewe.

Juma: Bibi anasema chochote atakacho, na mshono pia.